Kitufe kimoja cha kontrasti, na picha zisizotaka kuguswa

MASWALI YA WASOMAJI

Tangu safu hii izungumzie histogramu, ile grafu inayoonyesha picha ina pikseli ngapi za kila kiwango cha mwanga, maswali mengi yanayonifikia ni ya wasomaji wanaotaka kujiandikia kichujio cha kontrasti (tofauti kati ya giza na mwanga) ya kiotomatiki kwa ajili ya programu huria za picha: GIMP, darktable na nyinginezo. Nimefurahi sana. Nimechagua machache na kuyafupisha.

Shikamoo Mwalimu. Ninaandika kichujio cha GIMP kwa Python. Kinatafuta pikseli nyeusi kuliko zote na nyeupe kuliko zote, kisha kinatandaza thamani zilizobaki kati ya 0 na 255. Kuna picha ambazo hakizibadilishi hata kidogo, ingawa zimefifia waziwazi. Na picha za machweo kinaziharibu rangi. Hesabu nimeikagua, iko sawa. Tatizo liko wapi? (Mwanafunzi wa kompyuta)

Marahaba. Hesabu yako haina kosa. Udhaifu ni kwamba umeziamini pikseli mbili tu.

Picha ya kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6000 kwa 4000, yaani milioni 24. Kanuni yako inachukua mbili kati ya hizo na kuzikabidhi uamuzi wa picha nzima. Ikitokea kwenye sensa kuna pikseli moja iliyokwama kwenye 255, na kivulini kuna moja iliyoangukia 0, basi chini yako ni 0 na juu yako ni 255. Toa 0, gawa kwa 255, zidisha kwa 255: unarudi pale pale ulipoanzia. Picha inabaki imefifia, na kichujio kinaripoti kwamba kazi imekwisha. Fremu nyeupe iliyozungushwa kwenye picha, au tarehe iliyopigwa pembeni na kamera, huleta matokeo hayo hayo.

Dawa yake ni ya zamani na inafanya kazi: acha ncha, tumia asilimia. Tengeneza histogramu, anza upande wa giza ukijumlisha pikseli mpaka ufikie sehemu ndogo sana ya picha, na hapo ndipo chini yako. Fanya vivyo hivyo kutoka upande wa mwanga. NumPy, maktaba ya hesabu ya Python, ina amri ya percentile inayokufanyia hayo kwa mstari mmoja. GIMP yenyewe hutumia mbinu hii katika urekebishaji wake wa kiotomatiki wa mizani ya weupe: huacha nje 0.05% ya pikseli kila upande wa kila chaneli, yaani nyekundu, kijani na bluu. Kwenye megapikseli 24 hizo ni pikseli 12,000. Zikusanye pamoja utapata mraba wenye upande wa pikseli 110 hivi. Ni vigumu mtu kuona kwamba zimepotea.

ImageMagick, programu nyingine huria ya picha, ina mkono mzito zaidi. Kwa mujibu wa maelezo yake rasmi, amri ya normalize inaruhusu hadi 2% ya pikseli ziwe nyeusi tii na hadi 1% ziwe nyeupe pepepe. Hiyo 1% ni pikseli 240,000. Chukua picha ya bibi harusi ambaye gauni lake jeupe limejaza 5% ya fremu, yaani pikseli milioni 1.2. Kama hakuna kingine cheupe kuliko gauni, moja ya tano yake inaweza kugeuka weupe mtupu. Sehemu itakayotangulia kwenda ni pale mwanga ulipopiga darizi, na darizi ndizo zilizomfanya mwenye gauni atake picha hiyo. Ndiyo maana mimi huanzia 0.05% au 0.1%, kisha namwachia mtumiaji kitelezi aamue mwenyewe.

Sasa machweo. Nadhani unatandaza chaneli tatu kila moja peke yake. Tuchukue picha ambayo nyekundu iko kati ya 90 na 250, kijani kati ya 50 na 190, na bluu kati ya 20 na 110. Kuna wingu la rangi ya chungwa: 230, 140, 70. Ukitandaza kila chaneli kivyake, nyekundu inazidishwa kwa 1.6 hivi na bluu kwa 2.8. Wingu linatoka likiwa 223, 164, 142, yaani waridi lililopauka. Uchungwa wote umeondoka, kwa sababu kichujio kimeona bluu ni chache na kikadhani ni kasoro ya kurekebisha. Lakini uchache wa bluu ndio machweo yenyewe.

Tumia chini moja na juu moja kwa chaneli zote tatu, hapa 20 na 250. Wingu lile lile linatoka 233, 133, 55. Bado ni chungwa, na limekolea kidogo. Usiifute njia ya kwanza, lakini: iweke kama chaguo la pili. Picha ya karatasi ya zamani iliyogeuka njano, au iliyopigwa chini ya maji, inaihitaji, maana hapo rangi iliyotawala kweli ni kasoro. Tofauti kati ya hali hizi mbili haipo ndani ya histogramu. Anayeijua ni mtu aliyekuwa pale.

Kuna jambo la tatu ambalo hukuliuliza, nami siwezi kuliacha, kwa kuwa vichujio vingi vya wanaoanza huanguka hapo. Weka kikomo cha kizidisho. Picha ya ukungu ina thamani kati ya 140 na 200, basi. Kuzitandaza hadi 0 na 255 ni kuzidisha kwa 4.25, na chembechembe za sensa nazo zinazidishwa kwa 4.25. Ikiwa ni faili ya JPEG, ile miraba ya pikseli 8 kwa 8 ambayo mbana-faili aliificha inajitokeza angani kama vigae. Isitoshe, ngazi 61 ulizokuwa nazo hazijaongezeka. Zimetawanywa tu juu ya 256, na histogramu inatoka ikiwa na mapengo kama kitana. Na zaidi ya hayo yote, aliyepiga picha alitaka ukungu.

Usiku wa nyota ni mgumu kuliko ukungu. Anga lina thamani kati ya 5 na 30, na nyota ni pikseli chache sana, pengine chini ya hiyo 0.05%. Asilimia inazitupa nje kama pikseli mbovu, inaweka juu yako kwenye 30, na anga inazidishwa mara kumi. Unapata uji wa kijivu wenye madoa. Mimi huweka kikomo cha 1.5, au 2 nikiwa na moyo mkubwa. Picha iliyofifia kidogo inapona kabisa chini ya kikomo hicho, na picha ambayo haikuwa inaumwa haidhuriki sana.

Dada, mimi si mwandishi wa programu, napiga picha za watu. Nikibonyeza urekebishaji wa kiotomatiki, nyuso za watu weusi zinageuka kijivu kama zimepakwa majivu. Zile za weupe hazina shida hiyo. Hili ni suala la kamera, au aliyeandika programu anaweza kulizuia? (Mpiga picha)

Anaweza, kaka, na ni wajibu wake. Swali lako nimelisoma mara nyingi, na laiti kila anayeandika kichujio angelisoma kabla ya kuandika mstari wa kwanza.

Vichujio vingi havitandazi tu. Baada ya kutandaza, hutafuta thamani ya katikati ya picha na kuisukuma mpaka ifike kwenye kijivu cha wastani. Kijivu hicho ni kile kinachorudisha 18% ya mwanga, na katika faili ya kawaida ya sRGB, mfumo wa rangi unaotumiwa na picha nyingi, kinakaa kwenye 118 hivi. Dhana iliyo nyuma yake ni kwamba picha yoyote, ukiichanganya yote pamoja, hutoa kijivu hicho. Kwa mandhari ya mchana dhana hiyo si mbaya. Kwa picha ya mtu mweusi aliyevaa nguo nyeusi mbele ya pazia jeusi, imekosea kabisa.

Tuifanye kwa namba. Thamani ya katikati ya picha hiyo ni 40. Ili 40 ifike 118, kichujio kinainua kila thamani, ikiwa imegawanywa kwa 255, kwa kipeo cha takriban 0.42. Shavu lililokuwa 70 linafika 148. Namba imezidi maradufu. Vivuli vilivyokuwa vinachora mfupa wa shavu na pembe ya pua vimeinuliwa kuliko sehemu zenye mwanga, kwa hiyo umbo la uso limelala. Majivu unayoyaona ni hayo: uso uliopoteza vivuli vyake.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko kompyuta. Enzi za filamu, maabara zilisawazisha rangi kwa kadi za Kodak zenye picha ya mwanamke mweupe, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na ngozi nyingine zote zikapimwa kwa yeye. Tukiandika kichujio leo kinachodai kila picha ifike 118, tunaichapisha kadi ile upya.

Kwa hiyo nawaambia wanaoandika: kizuieni kipeo kisishuke chini ya 0.8 wala kisipande juu ya 1.25. Kwa kipeo cha 0.8 shavu la 70 linakuwa 91. Limepata nuru, na vivuli vimebaki mahali pake. Pili, msihesabu kila pikseli kwa uzito sawa. Pazia tupu la studio, jeusi au jeupe, linaweza kuwa nusu ya fremu na halina habari yoyote. Ipeni uzito pikseli inayotofautiana na majirani zake na mpuuze ile iliyo katikati ya eneo tupu. Hapo macho, nywele na mikunjo ya nguo ndivyo vitakavyoamua, wala si pazia.

Nawe mpiga picha, mpaka vichujio hivyo vikufikie: tumia kutandaza tu, acha chaguo lolote linalogusa katikati, kisha inua uso kwa mkono wako kwa kutumia mikunjo ya toni. Kazi hiyo haikuchukulii hata dakika moja.

Mwalimu, nifanye hesabu kwenye thamani za faili kama zilivyo, au nizigeuze kwanza ziwe mwanga halisi? Kila ninayemuuliza ana jibu lake. (Mwandishi wa programu)

Kila mmoja ana sehemu ya ukweli. Thamani ndani ya faili ya sRGB hazilingani moja kwa moja na kiasi cha mwanga: 128 inaonekana kama nusu, lakini ni karibu 22% tu ya mwanga wa 255. Ukitaka kujua pikseli ina mng'ao kiasi gani, geuza kwanza uwe mwanga halisi ndipo utumie uzani wa 0.2126 kwa nyekundu, 0.7152 kwa kijani na 0.0722 kwa bluu. Wengi huutumia uzani huu moja kwa moja kwenye thamani za faili, na nyekundu na bluu zilizokolea hutoka zikihesabiwa kuwa na giza kuliko zilivyo.

Ila kutandaza kwenyewe, na kupima asilimia, mimi hufanya kwenye thamani za faili. Jicho linapima vivuli karibu na jinsi faili inavyovipima. Kwenye mwanga halisi, vivuli vyote vimebanwa kwenye kona ndogo ya histogramu, na kosa dogo la chini linaonekana kubwa.

Ukiandika kwa GEGL, ambayo ndiyo injini ya GIMP, kazi ya kugeuza unafanyiwa na babl, maktaba yake ya kubadilisha maumbizo ya pikseli. Wewe unataja tu umbizo unalolitaka. Kuwa makini na vialama vidogo: RGB tupu ni mwanga halisi, R'G'B' yenye vialama ni thamani zilizosimbwa. Kialama kimoja kikisahaulika, kichujio hakitoi hitilafu yoyote. Kinatoa tu picha ambayo haipendezi, na unaweza kutafuta sababu kwa muda mrefu. Omba pia aina ya float, yaani namba zenye desimali, badala ya namba nzima za biti 8. GIMP imekuwa na uwezo wa biti 32 kwa chaneli tangu toleo la 2.10 la mwaka 2018, na ukifanya kazi humo unaahirisha mapengo ya histogramu mpaka mwisho kabisa wa safari.

Kwa nini tusitumie CLAHE tu? Inaonyesha kila kitu. (Msomaji)

Kwa sababu inaonyesha kila kitu. CLAHE inagawa picha katika miraba, inasawazisha histogramu ya kila mraba kivyake, na inaweka kikomo ili chembechembe zisilipuke. Wazo la kusawazisha kwa maeneo lilichambuliwa na Stephen Pizer na wenzake mwaka 1987, na msimbo ambao watu wengi walijifunzia ulichapishwa na Karel Zuiderveld mwaka 1994. Mizizi yake iko kwenye picha za hospitali, ambako daktari anatafuta doa lililojificha na hajali kama picha inavutia. Kwa kazi hiyo, na kwa kusoma maandishi yaliyofifia, ninaiheshimu sana.

Kwa picha za kumbukumbu, itumie kwa kijiko. Kila eneo likipewa kontrasti yake, picha inapoteza mahali pa kutazama. Ukuta wa nyuma unapiga kelele sawa na uso wa mtoto. Mahali mlima unapokutana na anga huzuka utepe wa mwanga usiokuwepo. OpenCV, maktaba huria ya kuchakata picha, inakupa miraba 8 kwa 8 na kikomo cha 40 usipotaja chochote, na kikomo hicho kwa picha ya kawaida ni kama hakipo. Anza na 2, ifanye kwenye chaneli ya mng'ao pekee, kisha changanya matokeo na picha ya awali.

Nitumie Python au C? (Msomaji)

Python kwa kujaribu wazo, C kwa GEGL ukishajua unachotaka. Sababu yangu si kasi pekee. Tangu GIMP 3.0 ya Machi 2025, kichujio cha GEGL kinaweza kubaki juu ya tabaka bila kuziharibu pikseli, na mtumiaji akarudi baadaye kukipunguza au kukizima. Programu-jalizi ya Python inayoandika pikseli upya haimwachii nafasi hiyo. Na kama Python yako haionekani kwenye menyu ya GIMP 3, hakikisha faili imekaa ndani ya folda yenye jina lile lile. Kwenye Linux iwe pia na ruhusa ya kuendeshwa.

Kichujio changu kinanipa matokeo tofauti ninapokuza picha na ninapoitazama yote. Halafu, nitajuaje kwamba kimekamilika kiasi cha kuwapelekea wenye mradi? (Mwanafunzi mwingine)

La kwanza lina jibu fupi: unahesabu histogramu ya kipande kinachoonekana tu. GEGL inachakata picha kwa vipande, na ukikuza unapewa kona moja. Chini na juu lazima vitoke kwenye picha nzima, na vihesabiwe mara moja. Ukiona ni nzito, chukua pikseli moja kwa kila nne, kwa upana na kwa urefu. Kati ya milioni 24 unabaki na milioni 1.5, na asilimia zako hazitayumba. Usiipunguze picha kwa kuchanganya pikseli jirani, maana kuchanganya kunazifuta zile ncha unazozitafuta. Angalia pia pikseli zinazopitisha mwanga kabisa. Mara nyingi zimehifadhiwa kama nyeusi, na usipozitoa kwenye hesabu zitakuwekea chini yako kwenye 0 daima.

La pili. Kusanya picha ambazo tayari ni nzuri, na ziwe nyingi kuliko zilizofifia: ukungu, theluji, usiku, kivuli cha mtu mbele ya jua, uso mweusi kwenye pazia jeusi, uso mweupe kwenye pazia jeupe, ukurasa wa kitabu. Endesha kichujio juu ya zote na uweke kabla na baada bega kwa bega. Wanaoandika vichujio hupenda kutuma picha moja iliyofufuka. Mimi ninapokagua kazi ya mtu naomba kwanza nione zile ambazo hazikubadilika.

Kisha endesha kichujio mara mbili mfululizo juu ya picha ile ile. Ukiwa umeondoa kikomo cha kizidisho, mara ya pili isibadilishe kitu, kwa kuwa pikseli ulizozikata tayari zimekaa kwenye 0 na 255 na asilimia itaangukia hapo hapo. Ikibadilisha, kuna mahali unazungusha desimali vibaya au unahesabu pikseli zisizohusika. Kikomo kikiwepo mambo ni mengine: picha ya ukungu itasogea tena kila kitufe kinapobonyezwa, na mtumiaji akibonyeza mara ya tatu ukungu umekwisha. Liandike hilo kwenye maelezo ya kichujio, pamoja na namba ya kikomo ulichoweka na sababu ya kukiweka, ili atakayekuja baada yako asikiondoe akidhani kilisahaulika.